Furu Wako Wamehamia Nyegina, Mzee Mugaya

Mzee wangu Mugaya,

Nyumba ya mawe, kituo chetu cha samaki, wameivunja. Naanza na hilo kwa sababu wewe ulikuwa mtu wa kudai habari mbaya kabla hujaitikia salamu. Wameanza na baraza, ile baraza ya mbao ambayo marehemu baba yangu aliitengeneza upya nikiwa bado nanyonya. Halafu wakaingia kwenye kuta. Mawe waliyoyang'oa, yale yaliyochongwa kwa patasi moja baada ya jingine na watu ambao hawakuwahi kuitwa wataalamu, sasa yamelala chini ya choo cha mkubwa mmoja kule juu penye upepo. Choo, Mzee. Na mkubwa mwenyewe anawaonyesha wageni: tazama msingi huu, mawe ya zamani, hayaozi.

Mengine nitayasema pole pole. Nina hasira, na ulinifundisha kwamba mwenye hasira asiandike mbio, atakosea tarehe.

Ni miaka miwili tangu tukulaze Nyegina. Mimi ni Zuhura yuleyule, binti wa Fundi Rajabu wa Mukendo. Sala zangu na zako zilikuwa mbalimbali, lakini siku ya mazishi nilisimama nje ya kanisa mpaka mwisho, khanga imenilowa kifuani kwa machozi, na wanawake wa kwenu wakaniletea kigoda bila kuniuliza mimi ni nani. Nashukuru nilibaki nje. Ndani, Bwana Mkuu alikuwa anakuhutubia.

Huyo, mkuu wa kituo chetu, sitamwandika jina. Karatasi bado ni ghali. Alisimama mbele ya jeneza lako akasema tumempoteza mtaalamu wetu mkubwa wa sangara. Wa sangara! Umekaa naye ofisi moja miaka yote ile, mlango wako na wake imetenganishwa na kabati, na hakuwahi kujua kwamba sangara ndiye adui wa furu wako, wale samaki wadogo wa Ziwa. Sauti yake ilipita dirishani, nikaisikia vizuri. Nikasema moyoni, laiti Mzee angeinuka dakika moja tu. Lakini najua ungeinuka ungesema, "Mwacheni, amechoka safari." Hilo lilikuwa kosa lako, na leo nalisema. Upole wako uliwalea.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Niliajiriwa kama mpiga chapa. Mashine ilikuwapo, utepe haukuwapo, na nchi nzima haikuwa na utepe, kama isivyokuwa na sabuni wala betri wala wembe. Siku tatu nimekaa nimefunga mikono. Ya nne ukaja na ndoo. Ndani mlikuwa na furu mmoja, anapumua kwa shida. Ukaniuliza naona nini. Nikasema naona samaki.

"Samaki hata paka anaona," ukasema. "Sema rangi."

Nikadhani mzee huyu amerukwa na akili. Nikasema ubavu una rangi ya chai ya maziwa, tumbo ni jekundu kama khanga ambayo haijafuliwa, na kwenye pezi la chini kuna vidoa vya manjano kama viini vya mayai. Ukacheka. Ukanipa daftari na penseli, ukaniambia penseli tu, wino ukiingia kwenye spiriti unakimbia. "Rangi kwanza, Zuhura. Hii samaki ikishakufa inakuwaga mwongo." Na kweli, saa moja baadaye alikuwa kijivu kama wenzake wote, na ndani ya chupa hungemtofautisha na mwingine isipokuwa kwa karatasi uliyomtumbukizia: mahali alipovuliwa, kina cha maji, siku, rangi kwa mwandiko wangu, na jina lako.

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Mpaka leo nikiulizwa nilisomea nini nasema nilisomea rangi.

Wavuvi wote wa Murangi walikuwa na jina moja tu, furu. Wewe ulinifundisha kwamba jina hilo ni kama kusema watu. Ukawafungua vinywa mmoja mmoja. Huyu ana meno ya koo ya kusagia konokono. Huyu anakwangua ukoga kwenye mawe. Huyu mwembamba hula dagaa. Na yule mbaya kuliko wote, anayemvizia mama aliyebeba watoto kinywani, akamnyonya mpaka akamtapisha watoto, akawameza. Nikakuambia huyo namjua, ana ofisi baada ya kabati. Ulinikaripia siku hiyo. Lakini bega lako lilikuwa linatikisika.

Bwana Mkuu alikuwa akipita mlangoni anashika pua. "Mzee, furu ni mboga ya maskini na chakula cha bata. Wizara inataka habari za sangara." Wewe ukajibu, "Ndiyo mkuu," ukaendelea kupanga chupa kwenye yale makabati ambayo baba yangu aliyaunga bila msumari hata mmoja. Ndiyo mkuu, ndiyo mkuu. Mzee, neno hilo ulilisema mara nyingi kuliko Salamu Maria.

Kisha spiriti ikaisha. Fomalini ilishakwisha zamani. Tuliandika barua Dar, Dar wakajibu kwamba barua yetu imepokelewa. Chupa zikaanza kupungua maji, migongo ya samaki ikatokeza juu. Ndipo ulipokwenda, wewe mtu wa kanisa, kwa mama mmoja mpika gongo, ukamwomba aichemshe mara mbili mpaka ishike moto ukiiwashia kiberiti. Alikuuliza wanywaji wako ni wanaume wa namna gani. Ukamwambia hawanywi, wanaoga tu. Alikuheshimu tangu siku ile, nakwambia. Alikuja mpaka mazishini.

Miezi minane gongo iliwalinda furu wa Ziwa zima. Halafu ukaja msako wa walanguzi. Mgambo waliingia nyumba ya mawe wakitafuta sukari, wakakuta harufu. Walikubeba wewe na sanduku zima la chupa. Nilikimbia kwa Bwana Mkuu, nikamkuta amesimama nyuma ya mlango wake, mkono kwenye kitasa. Nikamwomba aende aseme neno moja tu, kwamba ni kazi ya serikali.

"Mimi huyo mzee na pombe zake siwafahamu," akaniambia. Kwa sauti ya kunong'ona, kana kwamba mgambo wamejificha droo ya meza yake.

Ulilala ndani siku nne. Siku ya tano mbele ya hakimu wakaleta ushahidi. Naiona bado ile meza: chupa zimepangwa, vizibo vimelegezwa, na ndani hakuna tone. Furu wamelala wakavu, wamevimba, wananuka mpaka nzi wa soko zima wamehamia mahakamani. Hakimu akauliza pombe iko wapi. Mkubwa wa mgambo akasema, "Ilipungua, mheshimiwa." Ilipunguaje? Nyuma yake kijana wake mmoja alikuwa ameshika ukuta ili ukuta usianguke.

Waliinywa, Mzee. Watu wazima waliochaguliwa kulinda uchumi wa nchi walikunywa maji waliyoogea maiti za samaki, wakapanguza midomo, wakaja kusema mbele ya sheria kwamba imepungua. Hakimu alifunika pua kwa leso akakuachia. Watu wote wakacheka, hata mimi nilicheka, nisamehe. Wewe hukucheka. Uliomba kikapu ukawaokota mmoja mmoja. Mmoja wao alikuwa yule wa Murangi mwenye kidevu chekundu, uliyekuwa naye mmoja tu. Alikuwa amekauka kama ngozi ya kiatu. Ukamweka kiganjani ukamwangalia muda mrefu.

Ulirudi Murangi mara sita kumtafuta mwenzake. Nilikuwa nawe mara nne. Nyavu zilipanda na sangara, zikapanda na sangara, zikapanda tupu. Mara ya mwisho mvuvi mmoja alikuambia, "Mzee, hao tulikuwaga nao. Sasa hivi sangara amewamaliza." Akasema hivyo kama mtu anayekuambia basi limeshaondoka.

Bwana Mkuu hakukuomba radhi. Juma lililofuata aliingia akauliza kama ripoti ya sangara iko tayari. Ukasema ndiyo mkuu.

Zikaja siku za ruksa. Sabuni ikarudi, spiriti ikarudi, mitumba ikafika mpaka vijijini, na kila mtu akawa mfanyabiashara. Malori ya barafu yakaanza kupiga foleni ufukweni, minofu inakwenda Ulaya na sisi tunabaki na mapanki, kichwa na mgongo na mkia, tunakaanga tunasema tumshukuru Mungu. Bwana Mkuu akanawiri. Shingo yake ikahamia kwenye kola. Na wakati uleule wakaja wale wengine, watu wa miradi, wenye viatu vya kutembelea porini ambavyo havijawahi kukanyaga tope, wakaleta neno jipya. Bioanuwai. Bwana Mkuu alilipenda neno lile kama mtoto anavyopenda filimbi. Alilitamka kila mahali. Alilitamka hata kwenye harusi ya mwanawe.

Wakafanya warsha Bunda, siku tatu, juu ya kuhifadhi viumbe vya Ziwa na majengo ya kale ya mkoa, vyote kwa pamoja ili gharama iwe moja. Wewe ulialikwa kubeba picha. Uliketi safu ya nyuma karibu na mlango wa jikoni, koti lako la kaki limepigwa pasi ya mkaa. Mimi niliwekwa mezani nje kuandika majina ya wageni. Mtaalamu akaonyesha picha ya furu akasema tutamhifadhi kwa ushirikishwaji wa wadau. Ukanyosha mkono. Ukauliza kwa Kiswahili chako cha Nyegina, taratibu: "Huyu furu mnasema atahifadhiwa, nani amemwona? Mimi nilimwonaga mara ya mwisho miaka mingi iliyopita. Niambieni yuko wapi, nikamsalimie."

Bwana Mkuu akatabasamu. "Swali zuri, Mzee wetu. Tutalijibu wakati wa chai."

Chai ikanywewa. Swali likabaki juu ya kiti chako. Mchana wakatuletea sangara wa kukaanga na ndizi, na wote tuliokuwa pale kwa ajili ya kumlilia furu tulimla sangara tukalamba vidole. Nami nilikula, Mzee, na nilikula kwa raha, nilikuwa sijaonja mafuta mengi hivyo tangu Idi. Sikunyosha mkono kukusaidia. Nilikuwa najua majibu yote ya kwenye daftari na nikakaa nje na orodha yangu ya majina. Unaponisikia nawatukana hawa, ujue nami nimejitukana kwanza.

Barua ya kukupunguza kazi ilikuja mwaka uleule. Uliisoma ukaikunja, ukaenda kuongeza spiriti kwenye chupa. Uliendelea kuja kila siku bila mshahara, unafungua dirisha, unafuta vumbi, mpaka kifua kilipokubana. Hospitali nilikukuta unapumua kama yule furu wa kwenye ndoo. Ulinishika mkono ukasema, "Wataelewa tu, Zuhura."

Hawakuelewa. Hawakutaka kuelewa. Sasa nikupe habari yenyewe.

Nyumba iliuzwa. Waliunda kamati, kamati ikaitazama nyumba kutoka barabarani bila kushuka garini, ikaandika kwamba ni chakavu na haina thamani ya kihistoria. Chakavu! Ile nyumba ambayo radi ilipiga mti wa jirani ukapasuka na yenyewe haikutikisika. Ambayo adhuhuri ya Januari ungeingia ukadhani kuna mtu amemwaga maji sakafuni, kwa ubaridi. Sasa pale kuna ghala la mabati, ukipita mchana unaungua uso.

Hawakuniambia siku. Nilifika asubuhi nikakuta vibarua wameshaingia chumba chako. Wametoa chupa wamezipanga uani, na Bwana Mkuu amekaa kwenye gari, kioo amekishusha nusu, anasoma gazeti. Walikuwa wanamwaga. Samaki na spiriti na karatasi, vyote kwenye mchanga wa ufukweni, kwa sababu chupa za mdomo mpana zinatafutwa kwa achari na asali. Akina mama wamejipanga kuzichukua. Sikuwalaumu akina mama, chupa ni chupa. Korongo walishafika. Wale ndege wenye vipara walikuwa wanatembea katikati ya furu wako kama wajumbe wa kamati, wanaokota, wanainua shingo, wanameza. Karatasi zenye mwandiko wangu zilikuwa zimenata kwenye makucha yao.

Nilimwendea garini. Nikamwambia, mkuu, humo mna samaki ambao Ziwani hawapo tena. Akakunja gazeti vizuri, akanitazama kwa huruma, maana alinihurumia, Mzee, hicho ndicho kinachonichoma.

"Bi Zuhura," akasema, "samaki aliyekufa hahifadhiki."

Nikageuka. Nikaingia ndani nikasimama mbele ya kabati la mwisho nikamwambia kibarua, hili ukiligusa utanigusa mimi kwanza, na mimi ni mke wa mtu. Akarudi nyuma. Wanaume hawa wanaogopa sheria moja tu. Nikamtuma binti yangu kwa mwenye mkokoteni. Tulipakia chupa za kabati lile kwenye majani ya migomba, na madaftari yote, na zile chupa ambazo niliweza kuzinyakua uani kabla hazijafika mchangani. Kubwa niliziacha. Nilichagua kwa karatasi, nikawachukua wale ambao ulikuwa umewawekea alama ya msalaba, kwamba hawajaonekana tena. Kama nilikosea kuchagua, nilikosea. Hapakuwa na nafasi ya kufikiri.

Tulisukuma mkokoteni mpaka Nyegina. Kwenye vilima binti yangu alikuwa anaweka jiwe nyuma ya gurudumu, tunapumzika, tunaendelea. Mama Veneranda, mama watoto wako, alitoka akaona mzigo, hakuuliza hata moja. Alitoa mahindi kwenye ghala lako akayapeleka jikoni, akafagia, akasema, "Ingiza wageni." Wamo humo mpaka leo. Yule mama wa gongo anatuletea ya kuongezea, siku hizi anakuja mchana kweupe.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Kumbe mwezi uliopita gari lilikuja Nyegina, nami nimo ghalani najaza chupa. Bwana Mkuu sasa ameachana na sangara, amekuwa mratibu wa mradi wa kuhifadhi. Ndiyo, yeye. Fedha imebadilisha upande naye amegeuka nayo, kama kuku anayefuata kivuli. Alikuja na msichana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu, Nyangeta, mtu wa Butiama, ambaye alisoma mahali kwamba zamani Musoma kulikuwa na chupa za furu, akaandika barua kuziulizia. Ndipo Bwana Mkuu akakumbuka kwamba anakupenda.

Alikuwa na karatasi iliyochapwa tayari. Niliisoma. Ilisema mkusanyiko huu, uliohifadhiwa kwa uangalifu na ofisi ya mratibu, unakabidhiwa kwa mradi. Jina lako halimo. Mimi na mama Veneranda tulitakiwa kutia sahihi chini kama walinzi.

Nyangeta hakuwa na habari ya karatasi. Alikuwa ameshavua viatu mlangoni mwa ghala, ameingia, amechuchumaa. Hakugusa kitu. Alikuwa anasoma karatasi ndani ya chupa huku midomo inatembea. Akauliza, "Nani aliandika rangi?" Nikasema mimi. Akanitazama. "Shangazi, hakuna mahali pengine duniani rangi hizi zimeandikwa." Nilijifanya natafuta kitambaa.

Bwana Mkuu akanipa kalamu. Nami nikamwambia sawa mkuu, nitatia sahihi, lakini kwanza nionyeshe furu mmoja tu, yeyote, uniambie anakula nini.

Akacheka. "Bi Zuhura bado una utani."

"Sina," nikasema.

Akaingia. Akainama kwenye rafu, tai yake ikagusa vumbi. Akaangalia huku, akaangalia kule. Halafu akanyosha kidole. "Huyu, kwa mfano, ni furu maarufu sana. Anakula wadudu."

Mama Veneranda, ambaye hajawahi kukanyaga darasa, aliyewapaa samaki wa Ziwa hili tangu hajaota meno ya pili, alisogea akatazama chupa aliyoionyesha. Akashika mwimo wa mlango. "Baba," akamwambia, "huyo ni sato mtoto." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Nyangeta naye akashindwa kujizuia. Dereva nje akasikia, akacheka bila kujua anacheka nini. Na Bwana Mkuu akasimama katikati ya ghala lako akitabasamu, akisubiri kicheko kiishe ili aendelee, maana watu kama yeye huamini kwamba kila kicheko kitaisha.

Mama alipopata pumzi akajifuta macho, akasema kwa utulivu, "Siku ile ulikaa garini, baba. Na leo rudi garini."

Akarudi. Karatasi yake aliisahau juu ya gunia. Akampigia Nyangeta honi mara mbili, mara tatu. Nyangeta hakutoka. Gari likaondoka. Alilala kwenu siku tisa msichana yule, anaandika, anapima, anafundishwa na mke wako majina ya Kikwaya, lugha ya kwenu, na chupa hazijahama. Tumekubaliana kila karatasi itakayotoka humo itaanza na jina lako. Hakulibishia. Alishangaa kwamba kuna mtu angelibishia.

Kabla hajaondoka aliniomba nimpeleke majini. Nikamwambia utachoka bure, mwanangu, sisi tulishachoka. Akasema alisoma kwamba sangara ni mkubwa, hapiti kwenye nyufa za mawe. Neno dogo hivyo. Mimi na wewe tulitafuta kwenye maji mapana, pale ulipowajua zamani, wala hatukufikiri kwamba wanyonge hukimbilia kwenye nyufa. Tukakodi mtumbwi. Tukaenda kwenye mawe, mahali ambapo wavuvi hawatupi nyavu kwa sababu zinachanika. Tukashusha ndoano ndogo yenye chambo.

Mzee, walikuwepo. Siyo wengi. Lakini walitoka, mmoja, halafu mwingine. Na wa tatu alipopanda nilimweka kwenye ndoo, nikasema rangi kwa sauti kubwa: mgongo wa zambarau iliyoiva, shavu la buluu kama moto wa spiriti, na mkia mweusi wenye ncha nyeupe. Tuliporudi Nyegina nilifungua madaftari yako yote, tangu la kwanza. Nilipekua mpaka macho yakaniuma.

Hayumo. Hukumwona kamwe. Miaka yote ile tunawalilia waliokufa, huyu alikuwa chini ya mawe anaishi zake, hajaandikwa na mtu.

Mwenyewe tulikuwa tumemrudisha majini palepale. Nyangeta alitaka chupa, nikamwomba huyu wa kwanza wa aina yake tumwache, akakubali, akasema atarudi likizo kwa mwingine.

Juzi Bwana Mkuu ametuma mtu. Amesikia. Anauliza ni mahali gani hasa, maana ni busara paandikwe kwenye taarifa ya mradi, wapeleke wageni, waweke kibao. Nimemjibu kwamba swali lake ni zuri, tutalijibu wakati wa chai.

Basi Mzee wangu, lala. Wewe uliwasamehe wakiwa bado wanakukosea. Mimi sijawasamehe na sijaombwa, na siku wakiniomba nitawauliza kwanza furu anakula nini. Nakuahidi chupa hazitakauka maadamu naweza kupanda kilima cha Nyegina, na binti yangu ameshaanza kusoma rangi. Na yule wa shavu la buluu, pale anapokaa, tunapajua mimi na Nyangeta tu. Humu sipaandiki hata kwako, maana barua ya marehemu husomwa na walio hai, na walio hai, Mzee, nimeshawaona.

Mwanafunzi wako,
Zuhura binti Rajabu
Mukendo, Musoma